Kabla Hujamhukumu Mtu, Ichunguze Nadharia Yako

Muhula uliopita, tukiwa katikati ya kipindi cha saikolojia, frateri mmoja aliinua mkono. Alikuwa amechoka, na haki yake; katika majuma matatu tu tulikuwa tumepita kwa Freud, Pavlov na Skinner. Akasema, "Padre, samahani. Mimi nitakwenda kigangoni. Huko kuna bibi mgonjwa anayetaka Komunyo, kuna kijana aliyezama katika gongo, na kuna ndoa inayovunjika. Hizi nadharia za Wazungu zitanisaidia nini?" Wenzake wakacheka chinichini, kama watu wanaofurahi kwamba kuna aliyesema walilokuwa nalo wote moyoni.

Swali lilikuwa zuri, nami sikulijibu vizuri. Nilisema kwamba nadharia zimo katika mtaala na zitatoka katika mtihani, tukaendelea. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Kwa ufupi ni hili: hakuna mchungaji anayekwenda kigangoni bila nadharia. Kila anayemtazama mwenzake na kusema "huyu anafanya hivi kwa sababu hii" tayari ana nadharia juu ya tabia za watu. Mmoja anaijua nadharia yake na anaweza kuisahihisha. Mwingine hajui kwamba anayo, kwa hiyo anaiita ukweli. Huyu wa pili ndiye anayeumiza watu. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Mzee "aliyepoa"

Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa, pamoja na kazi nyingine, kutembelea Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na kumwandikia Paroko taarifa. Katika Jumuiya mojawapo kulikuwa na mzee aliyekuwa msomaji wa masomo kanisani kwa miaka mingi. Watu walimsifu kwa sauti yake na kwa jinsi alivyolitamka kila neno bila haraka. Mzee huyo aliacha kuja Jumuiyani. Misa ya Jumapili alihudhuria, lakini alikaa nyuma kabisa na kuondoka mapema.

Nilipomwuliza Mwenyekiti wa Jumuiya, hakusita: "Huyo mzee amepoa, Frateri. Tangu michango iwe mingi hatumwoni." Mama mmoja akaongeza kwamba ni kiburi, kwa kuwa uongozi umekwenda kwa watu wa umri wa wanawe. Mwingine akanong'ona kwamba pengine amerudia mambo ya kienyeji. Mimi nikachukua maelezo yote matatu, nikayafupisha kwa maneno mawili katika taarifa yangu: imani vuguvugu. Sikwenda nyumbani kwake. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Miezi michache baadaye binti yake aliomba mtoto wake abatizwe. Jumuiya ikakataa kumpa barua ya utambulisho, kwa sababu familia ile "haishiriki". Akarudi mara ya pili, akakataliwa tena. Mara ya tatu alikuja parokiani, akaniambia huku machozi yakimtoka: "Frateri, baba haoni maandishi. Ana mtoto wa jicho. Tangu mlipoanza utaratibu wa kila mtu kusoma aya moja kwa zamu, anaona aibu. Yeye ndiye alikuwa msomaji wetu, sasa ataanzaje kusema mbele ya watu kwamba hawezi kusoma?"

Utaratibu ule wa kusoma kwa zamu niliuanzisha mimi. Niliona unachangamsha Jumuiya.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alinikaribisha kiti, akasema tu, "Mwanangu, si ungekuja ukauliza."

Nimeieleza habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi nadharia inavyofanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyeitaja. Tukio nililoliona lilikuwa moja tu: mzee haji Jumuiyani. Mengine yote tuliyaongeza sisi. Nyuma ya maneno "amepoa" kulikuwa na kanuni ya jumla ambayo hakuna aliyewahi kuipima: anayeacha kushiriki amepungukiwa imani. Hiyo ni nadharia. Tena ni nadharia juu ya watu wote, tuliyoibandika kwa mtu mmoja bila kumwuliza.

Nadharia ni nini hasa

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "hiyo ni nadharia tu", tukimaanisha maneno matupu yasiyo na vitendo. Ni matumizi yanayopotosha. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Neno la Kigiriki ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelichukua kwa maana hiyohiyo, theoria, nalo lina asili ya kutazama. Kwa hiyo nadharia ni namna ya kutazama. Nitoe tahadhari kwa waseminari wanaolichanganya na neno nadhiri: mizizi ni tofauti, na wajibu wake ni tofauti. Nadhiri unamwahidi Mungu, na hupaswi kuivunja. Nadharia unaishika kwa muda, na ukionyeshwa kwamba imekosea unapaswa kuiacha.

Kitaaluma, nadharia ni maelezo yenye mpangilio yanayounganisha mambo mengi tuliyoyaona, yakatuambia kwa nini yanatokea hivyo, na tutarajie nini baadaye. Kabla ya kufika hapo huwa tuna nadharia tete, yaani wazo la awali ambalo bado linasubiri kupimwa. Likipimwa mara nyingi, mahali pengi, na watu mbalimbali, likasimama, hupata nafasi katika nadharia. Likianguka, tunashukuru, kwa maana tumejifunza kitu.

Chukua mfano wa malaria, ugonjwa ambao kila mmoja wetu anaujua mwilini mwake. Jina hilo ni la Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa chafu itokayo mabwawani. Hawakuwa wajinga. Waliona kweli kwamba wanaoishi karibu na mabwawa huugua zaidi, na kwamba afungaye madirisha usiku huponyoka. Walichokiona kilikuwa sahihi; maelezo ndiyo yalikosea. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Aljeria, aliona vimelea vya ugonjwa huo katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta ndani ya mbu. Mabwawa yalikuwa yaleyale na homa ileile, lakini nadharia mpya ilituletea chandarua. Hiyo ndiyo faida ya nadharia iliyo bora: inakupeleka kwenye chanzo, usiendelee kupigana na hewa.

Tabia moja, maswali manne

Katika tabia za watu kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mtu si mbu. Hata hivyo, nadharia za saikolojia zimetupa maswali ambayo peke yetu tusingeyafikiria. Napenda kuzifundisha hivyo, kama maswali, kwa sababu frateri atakayesahau majina na miaka bado atabaki na swali la kuuliza.

Swali la kwanza latoka kwa wale waliochunguza jinsi tabia inavyojengeka kwa mazoea. Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupewa chakula baada ya mlio fulani hufika mahali akadondosha mate kwa kuusikia mlio huo tu. B. F. Skinner akaendelea kwa kuonyesha kwamba kitendo kinachofuatwa na tunu hurudiwa, na kisicholipa hufifia. Swali lake ni hili: baada ya mtu kufanya jambo hili, nini kilimpata? Mzee wetu alipokuja Jumuiyani na Biblia ikamfikia, kilichomfuata kilikuwa aibu. Yatosha mara mbili.

Swali la pili latoka kwa Albert Bandura. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu kubwa la mpira. Walipoachwa na vitu vya kuchezea, sanamu lile likiwemo, watoto wale waliiga mapigo na hata maneno waliyoyasikia. Hakuna aliyewatuma, wala hakuna aliyewapa zawadi. Swali: mtu huyu alimwona nani akifanya hivi? Sisi walezi wa seminari tungejiuliza swali hilo kila siku. Frateri hajifunzi unyenyekevu kutokana na mhadhara juu ya unyenyekevu. Anajifunza kwa kutazama jinsi padre anavyozungumza na mpishi chakula kinapochelewa.

Swali la tatu linahusu mahusiano ya mwanzo. Mwaka 1944 John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili huko London, alitoa uchunguzi juu ya watoto na vijana 44 waliokuwa wezi. Kati yao 14 walionekana kama watu wasio na upendo kwa yeyote, na 12 kati ya hao walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Kutokana na kazi za namna hiyo ilikua nadharia ya mafungamano: kwamba mtoto anahitaji mtu wa kumshika kama anavyohitaji chakula. Swali: nani alimshika huyu alipokuwa mdogo, na nani alimwacha?

Hapa nimjibu frateri wangu juu ya "nadharia za Wazungu". Mojawapo ya misingi ya nadharia hii iliwekwa Uganda. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika huko katika miaka ya 1950, akatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiketi na akina mama na kuwatazama watoto wao. Kitabu chake juu ya watoto wachanga wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Mengi ambayo ulimwengu unayajua juu ya mtoto na mama yake yalionekana kwanza kwa makini kwa Waganda hawa. Pia nadharia hiyo haikuachwa ilivyo. Mwaka 1972 Michael Rutter alionyesha kwamba kutengana kwenyewe si chanzo pekee cha madhara, kwa kuwa kuna ugomvi wa nyumbani, kuna kutokuwahi kuwa na mlezi kabisa, na kuna mambo mengine yaliyochanganywa pamoja. Nasi tuliolelewa na mama, bibi, shangazi na dada mkubwa kwa pamoja tuna la kuongeza juu ya mtoto mwenye mikono mingi ya kumshika. Nadharia hai hukubali kuongezewa.

Swali la nne ni la Kurt Lewin. Alisema kwamba tabia hutokana na mambo mawili kwa pamoja: mtu mwenyewe na mazingira aliyomo. Inaonekana ni jambo dogo, kila mtu analijua. Lakini hebu tulitumie: ukiona tabia ya mtu imebadilika, usiulize tu nini kimebadilika ndani yake, uliza pia nini kimebadilika kumzunguka. Kama ningeuliza swali hilo moja juu ya yule mzee, ningejikuta nimefika kwenye kosa langu mwenyewe.

Waseminari waliopita kando

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila seminari ingepaswa kuujua. Ulifanywa na John Darley na Daniel Batson, ukatolewa mwaka 1973. Waliochunguzwa walikuwa wanafunzi wa Seminari ya Teolojia ya Princeton, Marekani, ambayo ni ya Wapresbiteri. Wanafunzi 40 waliombwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa kuzungumzia mfano wa Msamaria mwema. Wengine walipewa mada juu ya kazi ambazo wahitimu wa seminari wanaweza kuzifanya. Baadhi waliambiwa wamekwisha chelewa, wakimbie. Wengine kwamba muda ndio huu. Wengine kwamba bado kuna nafasi, waende polepole.

Njiani, mlangoni pa nyumba, aliwekwa mtu aliyejikunja, akikohoa na kugumia. Swali lilikuwa ni nani atakayesimama.

Wale wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Wenye haraka ya kadiri, asilimia 45. Wenye haraka kubwa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya kutegemewa, na walikuwapo waliokuwa wakienda kuhubiri juu ya Msamaria mwema huku wakimruka mtu aliyelala njiani. Wala majibu waliyotoa juu ya aina ya dini waliyonayo hayakusaidia kutabiri nani atasimama.

Uchunguzi wa watu 40 ni mdogo, na hakuna anayepaswa kujenga teolojia nzima juu yake. Hata hivyo unatugusa. Sote tumehubiri kwamba kuhani na Mlawi walipita kando kwa sababu ya ugumu wa moyo. Vijana wale wa Princeton pengine walikuwa na mioyo kama yetu. Walichokuwa nacho zaidi ni saa mkononi. Paroko mwenye vigango vingi, pikipiki moja na Misa tatu za Jumapili atajua ninachosema.

Mtaalamu mwingine, Lee Ross, mwaka 1977 alilipa jina kosa ambalo sote tunalifanya: tukieleza tabia ya mtu mwingine, tunakimbilia kutaja tabia yake ya ndani na kupuuza hali iliyomzunguka. Kwetu sisi wenyewe mara nyingi tunafanya kinyume chake. Mimi nikichelewa Masifu ya asubuhi, maji yalikatika. Frateri akichelewa, hana wito.

Nadharia inayojeruhi

Biblia inatuonya juu ya nadharia mbaya mapema kuliko saikolojia. Rafiki za Ayubu walikuwa na nadharia iliyonyooka: Mungu ni mwenye haki, mwovu huteseka, basi anayeteseka ametenda uovu. Walipokaa naye siku saba wakiwa kimya walikuwa faraja kwake. Walipoanza kumweleza wakawa mzigo. Badala ya kumtazama Ayubu na kuirekebisha nadharia, waliitazama nadharia na kumrekebisha Ayubu. Mwishoni mwa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa. Katika Injili ya Yohane sura ya 9, wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lao lina nadharia ndani yake. Yesu anakataa njia zote mbili walizompa, kisha anamhudumia yule mtu.

Tusidhani hayo ni ya zamani. Katika maeneo ya Usukuma, kwa miaka mingi, wazee wetu, hasa akina mama vikongwe, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na miongoni mwa "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote, wakiwalisha haohao waliowashuku. Walioua walikuwa na jambo walilolihitaji kulieleza: mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa. Wakalieleza kwa nadharia isiyoweza kukosolewa. Bibi akikana, ni ujanja wa wachawi; akinyamaza, amekiri.

Karl Popper, mwanafalsafa tunayemsoma katika mwaka wa falsafa, aliliona tatizo hilo hata kwa wasomi. Alisimulia kwamba mwaka 1919, huko Vienna, alimweleza Alfred Adler kisa cha mtoto ambacho hakikuonekana kulingana na nadharia yake. Adler alikieleza papo hapo kwa nadharia hiyohiyo, ingawa mtoto hakuwahi kumwona. Popper alijifunza kwamba nadharia inayoweza kueleza kila kitu, hata vitu vinavyopingana, ina kasoro. Ile ya kweli hukubali kusema ni jambo gani likitokea litaionyesha kuwa imekosea. Basi jipime, ndugu msomaji. Ukisema "kijana huyu ni mvivu", ni jambo gani ungeliona likakufanya useme hapana, si mvivu? Kama halipo, hujamweleza kijana huyo. Umemfungia.

Je, dhambi inabaki wapi?

Najua pingamizi, na ni la haki. Padre mmoja mzee, mlezi wangu wa zamani, alinisikiliza nikieleza habari za Princeton, akasema, "Mwanangu, ukiendelea hivyo hakuna atakayeungama. Kila mmoja atasema ni mazingira."

Hofu yake ina msingi. Kuna wanaoitumia nadharia kama kichaka cha kujifichia: mlevi ni malezi, mzinzi ni homoni, mla rushwa ni mfumo. Nadharia inayomfanya mtu kuwa mashine inayosukumwa imempoteza mtu yuleyule iliyotaka kumweleza. Lakini turudi kwenye takwimu zilezile. Hata kati ya wale wenye haraka kubwa, asilimia 10 walisimama. Haraka iliwasukuma wote, haikuwalazimisha wote. Nadharia inaweza kuniambia mteremko ulivyo mkali. Hainiambii kama huyu hapa atashuka.

Wala hatuzungumzi jambo geni katika Kanisa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitofautisha matendo yatokayo katika akili na utashi na yale ambayo mtu huyafanya bila kukusudia, kama kujikuna ndevu huku mawazo yakiwa mbali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, hofu, shuruti, mazoea, na mambo mengine ya kisaikolojia na kijamii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 62, unataka uchungaji utumie pia matokeo ya sayansi za kidunia, hasa saikolojia na sosholojia. Muungamishi anatakiwa kupima, na apimaye anahitaji kipimo. Kumwelewa mtu vizuri hakuifuti dhambi yake. Kunatusaidia tusimtwishe dhambi asiyokuwa nayo, na tusiikose ile aliyo nayo kweli. Katika habari ya mzee yule, dhambi ilikuwepo. Ilikuwa yangu, ya kuhukumu bila kuuliza, na kama nadharia ya "vuguvugu" ingesimama nisingeiungama kamwe.

Jibu kwa frateri

Basi ndugu yangu uliyeinua mkono, hili ndilo jibu langu. Bibi yule mgonjwa, kijana wa gongo na ndoa inayovunjika, utawakuta kigangoni pamoja na maelezo yaliyokwisha tayarishwa. Kabla hujavua kofia ya pikipiki, watu watakuwa wamekwambia kwa nini kijana anakunywa. Watasema amelogwa, au ameharibiwa na mama yake, au ni ukoo wao. Sikiliza yote kwa heshima, kwa kuwa waliokaa naye miaka ishirini wanajua mengi usiyoyajua. Halafu yatie yote katika mzani, na lako likiwemo.

Jiulize: nimeona nini kwa macho yangu, na nimeongeza nini? Nini humfuata akinywa, na nini humfuata asipokunywa? Alijifunza kwa nani? Nani aliwahi kumshika? Nini kilibadilika kumzunguka mwaka ule alipoanza? Ningeona nini ningekubali kwamba nimekosea? Kisha nenda nyumbani kwake ukamwulize, maana yeye anaweza kusema kwa nini anafanya anachofanya, jambo ambalo mbwa wa Pavlov hakuweza. Pengine atakudanganya, pengine yeye mwenyewe hajui. Hata hivyo utakuwa umeketi katika kiti chake, na hapo utaona mambo ambayo hayamo katika taarifa.

Kwa walezi wenzangu nina ombi moja. Katika ripoti zetu za mwisho wa mwaka, tunapoandika juu ya mseminari maneno kama "mzito", "mkaidi" au "hana ushirika", tuandike kwanza tulichokiona: siku gani, mahali gani, alifanya nini. Maelezo yafuate baadaye, nayo yaandikwe kama maelezo. Karatasi ile itasomwa na Gombera, na pengine na Askofu, na maisha ya kijana yatageuka kwa sababu yake. Mimi niliwahi kuandika maneno mawili juu ya mtu ambaye sikumtembelea, na mtoto asiyejua lolote akachelewa kubatizwa.

Mtoto yule alibatizwa hatimaye. Somo la siku ile lilisomwa na kijana mwingine. Babu yake alikaa benchi la mbele, akalifuata kwa midomo, neno kwa neno, kwa moyo.